Kiapo cha Mwezini

Rais wa Marekani alipotangaza kwamba watu watarudishwa mwezini, babangu alihama chumba. Sisemi kwa mafumbo. Habari ilisomwa kwenye televisheni mchana wa siku ya pili yake, mimi nikiwa nyumbani kwa mapumziko nakunja nguo, mamangu yuko jikoni anakaanga bajia. Walionyesha zile picha za kale, mtu kavaa mavazi meupe anarukaruka kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya. Kisha msomaji habari akasema safari hii hawatakwenda kutembea na kurudi. Watakwenda kukaa, wajenge, na kutoka huko wasonge mbele zaidi. Babangu akainuka, akazima televisheni kwa kidole, akaingia chumbani. Alitoka na mto, blanketi na msahafu wake, akaviweka kwenye kochi la sebuleni. Tangu siku hiyo hakulala tena chumba kimoja na mamangu.

Tulikuwa watu wanne katika fleti ya kaunsili, nyumba za kupangisha za halmashauri, huko Tottenham, London, ghorofa ya tatu, lifti inafanya kazi ikijisikia. Mimi na binti yangu tulikuwa chumba kimoja, wazazi wangu chumba cha pili. Niliwaleta kutoka Mombasa miaka miwili nyuma, mamangu miguu ilipoanza kumsumbua na babangu alipobaki hana kazi ila kumwangalia akichechemea. Kazi yangu mimi ilikuwa kuwatunza wazee wa watu, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, kisha narudi nyumbani kwa wazee wangu. Mume sikuwa naye. Aliniacha kwa simu kutoka Dubai binti yetu akiwa na miaka mitano. Akatamka neno lake, salamu hakuna, na kadi ya simu ikaisha. Kwa hivyo talaka mimi naijua uzito wake, na mtu akilichezea neno hilo mbele yangu damu hunichemka.

Na ndiyo maana nilikuwa nikiwaangalia wazazi wangu kama mtu anayeota moto. Sijapata kumsikia babangu akimpandishia mamangu sauti. Wanawake wa mtaa wetu Mombasa walikuwa wakimsengenya kwa husuda: mwanamume gani huyu, hata "ah" hamwambii mkewe, samaki anamletea ameshaparwa, nguo ya sikukuu anamtangulizia yeye kabla ya kujinunulia. Mimi nikijiambia hivyo ndivyo wanaume wa zamani walivyokuwa. Uongo mtupu, wanaume wa zamani nao nimewaona.

Sasa mume huyo yuko kwenye kochi, na mamangu bajia zimemuungulia. Nilimfuata jikoni nikamuuliza mmegombana?

"Tutagombania nini?" akasema. "Mtu mzima akichoka na godoro huhama. Mwache."

Lakini sauti haikuwa yake. Alikuwa akizitoa zile bajia nyeusi mafutani moja moja, anazipanga sahanini kama zitaliwa.

Wiki ile ya kwanza nilidhani ni mgongo. Wiki ya pili nikaona jambo lililonikata maini. Mamangu alimletea chai, akanyoosha mkono ampe kikombe kama alivyompa maisha yake yote. Babangu akarudisha mkono nyuma, akaonyesha meza. "Weka hapo, mama." Akaweka. Kuanzia hapo kila kitu kikawa kinapitia mezani: kikombe, dawa, kofia, miwani. Asubuhi akimwamkia kwa adabu kama mgeni aliyekaribishwa kwa watu. Akitaka kupita ukumbini na mamangu anapita, alijibana ukutani nguo zisigusane. Mimi nilikuwa nikiondoka kwenda kazini roho iko juu, nikirudi napanda ngazi nikitegea sikio kama kuna anayelia.

Aliyekuwa halii wala hajibani ni binti yangu. Miaka kumi na miwili, kazaliwa London, Kiswahili anakielewa chote mpaka matusi, lakini anajibu kwa Kiingereza. Shuleni walipewa kazi ya kubuni makazi ya hao watu watakaorudi mwezini. Basi sebule ikajaa maboksi ya madukani na karatasi za kuokea keki. Babu yake, ambaye kwa mjukuu huyu angekata hata kidole, alikaa chini akamsaidia kukata na kugandisha. Wakakata milango, wakatoboa madirisha, wakalipaka gundi paa zima, binti yangu akamwaga mchanga juu yake. Babu akauliza, "Sasa hii nyumba, mchanga huu unaumwagia juu wa nini?"

Binti yangu akamweleza. Huko hakuna hewa, jua linaunguza, kwa hivyo nyumba itafukiwa kwa udongo wa mwezini wenyewe. Maji watayatafuta kusini kabisa, kwenye mashimo ambayo jua halijapata kuingia, huenda kuna barafu. Na yeye akimaliza masomo atakuwa miongoni mwa watakaowapeleka.

Babangu akaweka gundi chini. "Hawakwenda," akasema. "Na hawatakwenda."

"They did, Babu. And they're going again."

"Hawakwenda!"

Sikuwa nimepata kumsikia akipiga kelele. Akalishika lile boksi, nikajua analipasua. Halafu akalirudisha taratibu mbele ya mtoto, akaondoka kwenda kutia udhu, na wakati wa swala ulikuwa bado. Binti yangu alilia mpaka akapata kwikwi. Mamangu alikuwa kwenye kiti cha dirishani. Alikuwa akimtazama yule mzee mgongo, na mimi nikimtazama yeye, na wallahi sikuelewa lolote.

Ndipo nikasema hapana. Siku mamangu alipochukuliwa na rafiki yake kwenda Stanmore kwenye hitima, nilimkalisha babangu mezani jikoni. Nikamwambia, "Baba, mimi nina wazee wasio wangu ninaowabembeleza kutwa wanieleze kinachowauma. Wewe ni wangu. Kama mamangu kakukosea, sema. Kama unataka kumwacha, sema pia, nijue pa kumpeleka."

Aliposikia "kumwacha" uso wake ulisawajika. Sijapata kuona mtu mzima akiogopa neno namna ile.

"Sitaki kumwacha," akasema. "Naogopa nilishamwacha."

Akanieleza, macho yako kwenye kitambaa cha meza. Ilikuwa mwaka wa sitini na tisa, Mji wa Kale. Yeye kijana, ana mwaka na nusu wa ndoa, mke ana mimba, na mimba yenyewe ni mimi. Jioni wanaume walikuwa wakikaa baraza ya muuza kahawa, na wiki ile mazungumzo ni yale tu: redio imesema Wamarekani wako njiani, kesho kutwa watakanyaga mwezi. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa skuli, akiwaeleza vyombo vinavyokwenda. Babangu akasema haiwezekani, mbingu si bandari, huegeshi. Mwalimu akamcheka. Na wengine wakacheka. Babangu, kijana wa watu, kachekwa mbele za watu, akasimama akasema: "Binadamu akikanyaga mwezi, mke wangu kaachika talaka tatu."

Muuza kahawa akamwambia, kijana, muombe Mungu msamaha, lirudishe neno lako. Hakulirudisha. Angeweza, akaona haya. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini nani huwakumbuka wahenga akishachekwa?

Nilisimama. Nilitaka kumtukana babangu, Mungu anisamehe. Nilimwona mamangu msichana wa miaka kumi na minane, tumbo mbele, anachambua mchele, na huko barazani ndoa yake imetiwa rehani kwa ajili ya mwezi. Nikamwambia, "Baba, hata yule wa kwangu alinipigia simu."

"Najua," akasema. "Sema yote, mwanangu. Nayastahili."

Nikamuuliza, basi walipofika ikawaje?

Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo mpaka leo sijui nilichekee au nililie. Redio ilipotangaza kwamba watu wamekanyaga mwezi, babangu alikwenda barazani kama anakwenda kunyongwa. Akakuta wote wamefika. Muuza kahawa akammiminia. Kisha yule mwalimu, yule yule, akasema kwa sauti kila mtu asikie: "Redio huongopa. Hawakufika." Mwingine akasema, "Wamefika wapi, wamepiga picha jangwani kwao." Mwingine akasema hata upepo wa bendera haukuwa sawa, na hakuna aliyekuwa na televisheni ya kuiona hiyo bendera. Baraza nzima iliukana mwezi kwa ajili ya ndoa ya babangu. Na hawakuukana siku moja. Waliukana miaka yote, wakawafundisha watoto wao, mpaka mtaa mzima ukawa hauamini, na sisi tukakua tukijua kwamba Wamarekani ni waongo na hatujui ni kwa nini tunajua.

"Pale nilikuwa na watu," akasema babangu. "Nikitetereka, wananishika. Hapa nina nani? Na hawa wa sasa wanasema watakwenda upya, kila mtu ataona moja kwa moja. Hata kama wa kwanza waliongopa, hawa watafika. Na mjukuu wangu ndiye atakayewapeleka." Akajifuta uso kwa kiganja. "Naomba nife kabla. Lakini kama wa kwanza walifika kweli, mimi nimezini na mamako tangu kabla hujazaliwa."

Sasa nikajua kilichoko mezani. Kama kiapo kile kilianguka, mamangu si mke wa mtu, na ile ndoa niliyokuwa naota moto wake ilizimika mimi niko tumboni. Nikamwambia, hili si la kukaa nalo kochini. Twende tukaulize.

Kulikuwa na sheikh mmoja wa kwetu pwani, akisomesha watoto Queensbury, mtu mpole. Jumamosi nikamchukua babangu kwa treni. Njia nzima vidole vyake vilikuwa vinahesabu tasbihi hata kwenye ngazi za kupandia. Sheikh alitukaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Mimi nilitegemea atacheka. Hakucheka.

"Ulikuwa na nia ya kumwacha?" akamuuliza.

"La. Nilikuwa na nia ya kushinda."

Sheikh akasema wanazuoni wamekhitilafiana. Wako wanaosema talaka ya namna hii imeanguka. Wako wanaosema ni kiapo tu, mtu alishe masikini na atubu. Wako wanaosema tatu kwa kauli moja huhesabiwa moja. Watoto ni halali kwa hali zote, hilo tuliondoe moyoni. "Mimi naona ndoa yako ipo," akasema. "Lakini naona pia moyo wako hautatulia kwa maneno yangu. Basi kwa tahadhari, fungeni upya. Nitakuja mwenyewe na mashahidi wawili. Mkeo akiridhia, dakika chache tu, mambo yamekwisha."

Babangu alilia pale pale. Tuliporudi alikuwa akitembea kama kaondolewa gunia. Mimi ndiye niliyeuliza, tukiwa tumekaribia nyumbani, "Mama utamwambia lini?"

Akasimama. "Nitamwambiaje?" akasema. "Mwambie wewe. Mambo haya huendewa na mtu."

Hapo alikuwa na haki kwa desturi. Kwetu mwanamume haendi mwenyewe kumwambia mwanamke nioe, hutumwa watu. Lakini mimi kitu kilinigota moyoni. Nikaahirisha siku ya kwanza, nikaahirisha ya pili, na mamangu alikuwa akinitazama tu nikizunguka jikoni. Mwisho nikamwambia kuna sheikh atakuja Jumapili kwa jambo la heri, nikajitia haraka ya kwenda kazini. Akasema, "Heri itatukuta tumekaa."

Jumapili sheikh akaja na wanaume wawili. Mmoja alikuwa bwana mmoja wa msikitini petu, mwenye kusimamia mambo ya maziko, mwingine jamaa yake. Babangu kavaa kanzu mpya, kakaa kwenye lile kochi lake magoti pamoja. Binti yangu nilimwingiza chumbani kwetu na kitabu chake, akaacha mlango wazi kidogo. Mamangu alikuwa chumbani kwake. Sheikh akaniambia, "Nenda kamuulize, anaridhia kufungishwa ndoa upya na mumewe? Huyu si mwari, kunyamaza kwake hakutoshi. Lazima atamke."

Nikaingia. Mamangu yuko juu ya kitanda, kajifunga buibui kabisa kama anatoka. Nikakaa chini miguuni pake. Nikaanza, "Mama, zamani sana, barazani..."

"Baraza ya muuza kahawa," akasema. "Binadamu akikanyaga mwezi."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji.

"Mke wa muuza kahawa alinijia asubuhi yake, kabla hata redio haijasema wamefika," akasema mamangu. "Alilia yeye, mimi sikulia. Nilikuwa nakutapikia wewe. Nikangoja mume wangu aje aniambie. Akaja na samaki. Siku ya pili akaja na kanga. Nikasema, ataniambia kesho. Mwanangu, samaki wale nimewala mpaka meno yameniisha, na hajaniambia."

"Mama, na wewe uliamini nini? Walifika?"

"Walifika. Mimi si mjinga." Alisema hivyo tu, kama anasema maji yamechemka. "Nilipanda darini juu ya nyumba usiku wa siku redio iliposema wamefika, nikautazama mwezi, nikajua wako pale. Nikajiuliza, mimi nimeachwa? Nani kaniacha? Mtu huachwa na mtu aliyemtaka atoke. Huyu hakunitaka nitoke. Alitaka wenzake waache kumcheka. Nikashuka nikapika."

Kutoka sebuleni sheikh akakohoa kidogo, kule kukohoa kwa kusema tuko hapa.

"Basi sema umeridhia," nikamwambia. "Neno moja tu, na yeye apumue. Huoni anavyokonda?"

Mamangu akanitazama kwa hasira ambayo sikuwa nimepata kuiona, wala sikujua kama anayo. "Nikisema leo nimeridhia, nimekubali kwamba jana sikuwa mke wake. Na juzi. Na siku nilipowazaa wadogo zako. Nitakuwa nilikuwa nani humo ndani?" Akajiweka sawa. "Miaka yote hii namngoja aje yeye kwa miguu yake. Leo tena katuma watu. Nenda kawaambie mimi ni mke wa mtu. Mke wa mtu haposwi."

Ukumbi ule una hatua chache, lakini sijapata kutembea njia ndefu kama ile. Nilisimama mbele ya wanaume wanne, nikayasema maneno yake kama alivyoyasema. Wale mashahidi wakatazamana. Sheikh akainamisha kichwa, kisha akamwambia babangu kwa upole, "Mzee, kasema kweli. Hapa sina la kufungisha." Wakanywa chai, wakaondoka.

Babangu alibaki kochini. Baadaye akainuka, akaenda mpaka mlango wa chumba, akanyanyua mkono agonge. Mimi niko jikoni namwona. Nilitamani nimsukume kwa mikono yangu miwili. Akasimama pale na mkono wake hewani, akaushusha, akarudi akakaa. Nilivunja kikombe kwenye sinki makusudi, na hakuna aliyeuliza.

Waliishi hivyo miaka minne. Watu wakitutembelea walituona nyumba nzuri, wazee wenye adabu. Babangu akimnunulia ndizi mbivu sokoni, akiweka mezani. Yeye mamangu akimpikia, akiweka mezani. Hakumwendea kumbembeleza hata siku moja, na babangu hakuvuka ule mlango. Alimwogopa Mungu, na alimwogopa mkewe, na sijui mpaka leo ni hofu gani iliyokuwa kubwa. Habari za mwezini ziliendelea kuja: wanajenga chombo kipya, wamechagua umbo, wamebadilisha. Binti yangu akiona zinaanza alikuwa akipunguza sauti mwenyewe, bila kuambiwa, maana siku ile ya mashahidi mlango ulikuwa wazi na alielewa kila neno. Lakini hesabu na fizikia hakuziacha, na babu yake ndiye aliyekuwa akimpeleka mpaka kituo cha basi asubuhi.

Kisha moyo wa babangu ukachoka. Alilazwa hospitali majira ya baridi, na daktari akatuambia tukae karibu. Mamangu alikaa kwenye kiti kando ya kitanda kutwa, mikono yake iko mapajani mwake. Mikono ya babangu iko chini ya blanketi. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani najifanya natazama magari.

Nikamsikia babangu akisema, "Niliapa."

"Najua," akasema mamangu.

"Mbele ya watu. Kwa jina lako."

"Najua."

"Nilikuwa mpumbavu."

"Na hilo pia najua."

Nikageuka, nikidhani sasa mikono ile itatoka. Haikutoka. Lakini mamangu alikuwa akilia, machozi yanamtiririka bila sauti, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefikiwa na mgeni aliyemngoja mpaka chakula kikapoa. Babangu alifariki kesho yake, alasiri.

Tukampeleka msikitini kuoshwa. Mwenye kusimamia alikuwa yule bwana, yule shahidi wa Jumapili ile. Wanaume walikuwa wamekwisha kukunja kanzu zao, maji yako tayari, kafuri iko tayari. Mamangu akajikokota kwa miguu yake mibovu mpaka mlangoni, akavua buibui akanipa, akaanza kupandisha mikono ya nguo. Akasema yeye ndiye atakayemuosha.

Yule bwana akaja mbele yake, na nasema haki, alikuwa na haya. "Mama, mke ana haki ya kumuosha mumewe, hilo halina ubishi," akasema. "Lakini kuna lile jambo. Mimi nilikuwepo. Sitaki mzee wetu aguswe na asiyekuwa halali yake siku hii. Tuna yakini gani kwamba ndoa ilisimama?"

Wanaume wote wakatazama chini. Mimi nilifungua mdomo. Nilikuwa na ya sheikh, nilikuwa na ya wanazuoni, nilikuwa na matusi pia. Mamangu akaniwekea mkono kifuani kunizuia.

"Yakini iko mwezini," akamwambia. "Wewe unayeitaka nenda ukaitafute. Mimi nina mume wa kuosha."

Akampita. Hakuna aliyemshika. Wanaume wakatoka mmoja mmoja, akabaki ndugu yangu wa kiume, mdogo wangu aliyekuja kutoka Mombasa baba alipolazwa, wa kumgeuzia maiti na kummiminia maji. Mimi nilisimama mlangoni na buibui lake mikononi. Mamangu akapiga bismillahi, akaanza na mkono wa kulia. Aliushika, akakaa nao, na ndugu yangu akashusha ndoo chini amngoje.